PhD ya sheria na kriminolojia, ufadhili unapatikanaje?

Wakili_wa_Nyanda
Wakuu habari za jioni. Nina LLM (shahada ya uzamili ya sheria), niko kwenye uwakili Mbeya, nataka kufanya PhD kuhusu majadiliano ya kukiri kosa (plea bargaining, mtuhumiwa anakubaliana na mwendesha mashtaka akiri ili apunguziwe) kwenye kesi za uhujumu uchumi, yale yaliyoingia kwenye sheria yetu 2019. Nataka nijue yanaendaje kwa ukweli, yani mtu amekaa mahabusu muda mrefu, dhamana hana, anaingia kwenye mazungumzo na ofisi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) akiwa na nguvu gani? Anakiri kwa sababu kosa analo au kwa sababu amechoka kukaa ndani? Hili linaniuma maana hao watu nimekaa nao. Shida ni hela. Kila tangazo la skolashipu ninaloliona ni afya, kilimo, tehama, uhandisi, sheria hamna, na kujilipia siwezi nina watoto wanasoma. Watu wa sheria na kriminolojia mnapataga wapi ufadhili?

BintiMzizima
Pole na majukumu wakili, mada yako nzito na inahitajika. Kabla ya kutafuta hela amua kwanza utafiti wako ni wa kusoma sheria na hukumu tu au ni wa kwenda kuongea na watu, maana wafadhili wanatofautiana hapo hapo. Chukua Uingereza, hela ya serikali ya PhD inapitia mabaraza tofauti, AHRC (baraza la sanaa na humanitia) ndiyo inabeba sheria ile ya vifungu na hukumu, ESRC (baraza la uchumi na sayansi ya jamii) inabeba kriminolojia na sheria kwenye jamii. Ukipeleka propozali ya mahojiano na mahabusu kwa AHRC watakuona umepotea njia. Yako naiona ni ya ESRC kabisa. Tangu 2021 wageni wanaruhusiwa kuomba lakini hawazidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa kwa hiyo ushindani ni mkali, halafu ile hela inalipa ada ya kiwango cha Mwingereza, uliza mapema kama chuo kinasamehe kile kinachozidi, vingi vinasamehe ila sio vyote.
Skolashipu ya Commonwealth (Jumuiya ya Madola, unasomea Uingereza) usiiache. PhD yao ina fungu la nchi zenye maendeleo duni na Tanzania bado tumo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa, hata kama Benki ya Dunia ilitupandisha uchumi wa kati 2020. Inalipa ada, nauli na posho ya kuishi, lakini jina lako lazima lipendekezwe na taasisi inayotambulika, kwa hiyo fuatilia matangazo ya wizara ya elimu.

kaka_wa_Oslo
Mkuu acha kutafuta neno skolashipu, tafuta AJIRA. Huku Norway na Sweden PhD ni kazi, unasaini mkataba, unalipwa mshahara, unakatwa kodi kama mfanyakazi mwingine, ada hakuna. Chuo Kikuu cha Oslo kina idara nzima ya kriminolojia na sosholojia ya sheria na nafasi zinatangazwa kwenye kurasa za ajira, ndio maana watu wetu hawazioni, wanapekua kurasa za ufadhili tu. Ujerumani angalia taasisi ya utafiti ya Max Planck ya Freiburg, ile ya uhalifu, usalama na sheria. Ubelgiji angalia Chuo Kikuu cha Ghent, kitivo chao kinaitwa kabisa cha sheria na kriminolojia na chuo kina mfuko kwa watu wa nchi zetu ambao unagawa muda, kipindi uko kule kipindi uko chuo cha nyumbani, kwa mtu mwenye familia naona hiyo ni nzuri kuliko zote. Ubaya wa nafasi za ajira ni kwamba nyingi zina mada ya mradi wa profesa, ya kwako inabidi uibane iingie humo.

mzee_wa_maktaba
Na nyumbani msipasahau. UDSM kuna kituo cha sheria cha Watanzania na Wajerumani, kilianzishwa 2008 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bayreuth na hela ya DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo), kimesomesha LLM na PhD watu wa Afrika Mashariki yote. Mkazo wao ni sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo wakili ungelinganisha Tanzania na Kenya ingekusaidia sana. Ile DAAD ya kusomea ndani ya kanda nayo nzuri ila wanaangalia shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6, soma masharti kabla hujapoteza muda.

Wakili_wa_Nyanda
Asanteni sana wazee, Mungu awabariki. Mzee, LLM yangu ni ya 2017 kwa hiyo hiyo ya miaka 6 imeshanipita. Dada BintiMzizima, bajeti ya kwenda fildi naiandikaje? Naogopa nikiweka hela nyingi wataniacha.

BintiMzizima
Weka kila kitu, usipunguze. Kuingia gerezani kuhoji watu lazima kibali cha Magereza na kinaweza kuchelewa, kwa hiyo andika muda wa kusubiri na hela ya kuishi wakati huo. Bajeti ndogo kupita kiasi inawaambia hujui unachokiendea. Hukumu zinapatikana bure TanzLII (tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania), hapo unaokoa hela. Halafu ripoti ya tume ya haki jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, ya 2023, ianze ukurasa wa kwanza wa propozali, maana mfadhili anataka kuona kwamba swali lako linaulizwa na nchi nzima. Supavaiza mwandikie sasa hivi kabla ya dedilaini, barua fupi, aya mbili, mwambie swali lako na nani utaongea nao. Ukishaiandika iweke hapa tuipitie.

Wakili_wa_Nyanda
Naianza leo usiku, naanza na Ghent na Commonwealth. Jumapili naiweka hapa.

kaka_wa_Oslo
Iweke mkuu. Na taja kwamba umesimamia kesi hizo mwenyewe mahakamani, hilo wengi wanaoomba hawana.