Pensheni ya mama imegeuka ya ukoo mzima, kwenu mnafanyaje?

MwanaMakorora:
Wakuu habari zenu. Mama yangu ni mwalimu mstaafu tuko nae hapa Tanga, pensheni ikiingia tu siku hiyohiyo imeshaondoka, unga, gesi, ada ya mjukuu, shangazi wa Pangani nae anaumwa, yaani dawa zake mwenyewe za presha ndo zinabaki mwisho na mwezi uliopita kanunua nusu dozi. Kinachoniuma zaidi ni kaka zangu wa Dar, zamani walikuwa wanatuma, sasa ukiwapigia wanakwambia "mama si ana pensheni". Hivi ni kwetu tu?

Mlingotini_Bagamoyo:
Pole sana, sio kwenu tu. Kuna mchumi anaitwa Robert Jensen alipima hiki kitu Afrika Kusini, utafiti ulitoka 2004, kila randi moja ya pensheni anayopata mzee watoto walio mbali walipunguza kutuma kama senti 25 hadi 30. Kwahiyo mzee bado anabaki na nyongeza, ila waliopata nafuu ya kimyakimya ni wale wenye mishahara. Usiwaambie kaka zako "changieni" hutapata kitu, wape jambo moja, dawa za presha basi, hela wamtumie mwenye duka la dawa moja kwa moja.

Bint Unguja:
Mi naomba mama asilaumiwe kwa kutoa. Bibi yangu Unguja hajaajiriwa maisha yake yote, kalima mwani mpaka mgongo umekataa, anapata ile pencheni jamii ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi baadae ikapanda mpaka 50,000. Hela ndogo lakini daftari za wajukuu ananunua yeye na siku hizi hapangwi jambo la nyumba bila kuulizwa. Huko bara hakuna ya kila mzee, aliyekata mkonge kwa kibarua au aliyevua samaki maisha yake yote anazeeka hana kitu, sasa shangazi yako aende wapi kama sio kwa mwenye pensheni?

MwanaMakorora:
Kweli kabisa, shangazi kauza samaki miaka yote hana mfuko wowote. Leo jioni nawapigia kaka, naanza na dawa, na huyo mkubwa nitamwomba amchukue shangazi jumla.