Watumiaji wa Mtwara wanapelekwa seva za Dar

Mikindani: Wakuu, seva zetu za nakala (zinazohifadhi nakala za video na faili karibu na watumiaji) ziko Mtwara. Mtandao mkubwa wa kusambaza maudhui (CDN) unatukabidhi watumiaji wa Mtwara na Lindi kwa DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), lakini wengi wanaishia Dar es Salaam. Kwa nini?

Nachingwea: Mkuu, kwa kawaida DNS huona anwani ya seva ya majina anayoitumia mtumiaji, si ya mtumiaji mwenyewe. Seva hiyo ikiwa Dar, ombi huhesabiwa la Dar. Waombeni waelekeze kwa HTTP, yaani seva yao ione anwani ya mtumiaji kisha imtume kwenu: huongeza safari moja, ila kwa video ndefu si neno. Nanyi tangazeni kwao kwa RFC 8008 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) safu za IP mnazozifikia kweli tu.

Kilwa: Jihadharini na mzunguko! Mkikosa faili kwenye seva zenu, msiliombe kwa jina la umma la tovuti, mtarudishiwa wenyewe. Tumieni chanzo kilichotajwa kwenye metadata, yaani maelezo mnayopewa na mtandao huo (RFC 8006), na kichwa cha ombi cha CDN-Loop, kinachotaja CDN ambazo ombi limepitia (RFC 8586, 2019). Mkikuta jina lenu humo, kataeni ombi.