Alteneta ya gari kwenye boti ya petroli: hatari iko wapi hasa?

Boti_Viwandani:
Wadau, hamjambo. Kuna boti ya futi 21 hapa Industrial Area, Nairobi, inayotengenezwa ili irudi Ziwa Naivasha. Injini iko ndani, V6 ya petroli, lita 4.3, ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Alteneta, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, imekufa. Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road ipo ya gari inayokaa kwenye breketi ile ile bila kutoboa chochote, tena kwa bei nafuu mno. Fundi anasema umeme ni umeme. Jambo la pili: kifuniko cha injini kikifunuliwa asubuhi, harufu ya petroli inatoka, lakini chini hakuna hata tone. Feni ya kutoa hewa inanguruma vizuri. Je, alteneta hiyo ifungwe? Na harufu itafutwe wapi?

Fundi_Ngama:
Usiifunge, ndugu yangu. Bloki hiyo ni ya General Motors, ndiyo maana spea za gari zinaingia kirahisi, na hapo ndipo watu wanapoponzwa.

Ndani ya alteneta brashi za kaboni zinasugua pete zinazozunguka, na cheche haziepukiki. Gari likivuja, petroli inaanguka barabarani na upepo unaipeperusha. Boti ni bakuli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo unateremka hadi kwenye ngama, pale chini maji yanapojikusanya, na haupandi wenyewe. Ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Kwa chumba cha injini cha mita 1.5 za ujazo, hiyo ni petroli ya kama mililita 100 tu, yaani nusu kikombe cha chai. Na kwa kuwa mvuke hautawanyiki sawasawa, chini kabisa hatari inaanza hata kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Alteneta ya boti nayo hutoa cheche. Tofauti ni kwamba matundu yake yana wavu mwembamba wa chuma au yamezibwa: mwali ukiwaka ndani, wavu unaunyang'anya joto kabla haujatoka. Ni kanuni ya taa ya wachimba makaa aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815. Tafuta maandishi ya SAE J1171 au ISO 8846, viwango vya vifaa vya umeme visivyowasha mvuke ulio nje yake, kwenye mwili wake. Kama hayapo, iache dukani hata muuzaji akiapa. Kagua hivyo hivyo staata na disitributa (inayogawa umeme kwa plagi), maana huenda fundi wa awali alishabadilisha. Kabureta nayo: ya gari ikifurika humwaga nje, ya boti hurudisha petroli kwenye koo lake yenyewe. Na juu ya koo hilo lazima kuwe na kizuia mwali cha chuma, si filta ya karatasi, kwa sababu injini ikipiga chafya moto hutokea pale juu.

Mpira_na_Klipu:
Nichukue la harufu. Kutoonekana tone kusikutulize. Petroli kidogo hugeuka mvuke kabla hujaiona.

Anza na pampu ya petroli. Ya boti ina viwambo viwili, yaani ngozi nyembamba zinazosukuma petroli, na kuna kijibomba kinachopenyesha mwanga kinachotoka ubavuni mwake kwenda kwenye kabureta. Kijibomba hicho kinapaswa kuwa kikavu. Ukiona petroli ndani yake, kiwambo cha kwanza kimepasuka na unaendeshea kile cha akiba. Badilisha pampu nzima. Kama hakuna kijibomba kabisa na pampu ina kiwambo kimoja, hiyo ni ya gari.

Kisha mipira. Mpira uliozeeka hupitisha mvuke kwenye kuta zake bila kutoboka. Futa kila mpira kwa kitambaa kikavu cha pamba kutoka tangi hadi pampu, halafu nusa kitambaa. Kikinuka, toa mpira huo na uweke ulioandikwa A1-15 au ISO 7840 A1, alama za mipira ya mafuta ya boti. Mpira mnene wa kujazia tangi nao uupapase hasa upande wa chini, kwenye kona. Nyufa huanzia hapo. Klipu ziwe mbili kila ncha, za chuma kisichoshika kutu.

Na feni: kunguruma si ushahidi. Shika karatasi ya tishu kwenye mdomo wa chini wa bomba lake, si kule mvuke unakotokea nje. Isipovutwa, bomba limechanika au limebonyea. Mdomo huo uwe katika theluthi ya chini ya chumba, lakini juu ya kiwango cha maji ya ngama, la sivyo maji yatauziba.

Boti_Viwandani:
Asanteni sana. Kijibomba kina rangi ya petroli ndani. Dakika za feni zihesabiwe vipi?

Fundi_Ngama:
Basi umeshampata mwizi. Kibandiko kinachotakiwa na sheria ya Marekani kinasema angalau dakika 4 kabla ya kuwasha, lakini kwanza funua kifuniko unuse. Rudia hivyo baada ya kila kusimama, hata kwa robo saa tu: injini ikizimwa ikiwa moto, petroli iliyobaki kwenye kabureta huchemka na kutoa mvuke. Ukienda polepole, acha feni ikifanya kazi.

Feni haikaushi petroli ya majimaji. Ukiiona kwenye ngama, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Shusha watu, funua vifuniko vyote, ifyonze kwa vitambaa na uvitoe nje ya boti.

Naivasha iko juu ya mita 1,880 na hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta yenye jeti (vitundu vinavyopima petroli) za usawa wa bahari itamimina petroli kupita kiasi. Weka jeti ndogo.

Mpira_na_Klipu:
Kwa wanaobeba petroli kwa jerikeni: jazeni jerikeni ikiwa chini sakafuni, kamwe si juu ya pikapu yenye zulia la plastiki, kwani umeme tuli hukosa pa kwenda. Tangi la boti lijazwe kwa faneli ya chuma inayogusa mdomo wake wakati wote, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, na usijaze hadi juu: bakisha nafasi ya sehemu moja kati ya ishirini, maana jua la mchana huivimbisha petroli.