Kuzamia kwa mtungi wa hewa kwenye meli zilizozama vitani Chuuk: je, mazoezi ya Matema yanatosha?

Mtu_wa_Igawilo: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nilijifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa nilipokuwa nikifanya kazi Zanzibar, na sasa nimerudi Mbeya ninadunduliza fedha za kwenda Chuuk, kule Mikronesia, ambako ndege za Marekani zilizamisha meli nyingi za Japani kwa siku mbili za Februari 1944. Kwa mazoezi, hushuka Ziwa Nyasa pale Matema, nikazama mara mbili asubuhi, na jioni ninakuwa nyumbani. Je, yatanitosha?

Baharia_Mstaafu: Ndugu yangu, kabla ya Chuuk tuizungumzie hiyo jioni yako. Matema iko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini mita 1,700, na pale Isongole barabara inapita juu zaidi. Hujawahi kununua pakiti ya krispi Kyela ukaikuta imevimba kama mto ulipofika Tukuyu? Naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa kilindini nayo hutoka kwa mapovu mgandamizo wa hewa unapopungua, na mapovu hayo hukaa kwenye viungo, au uti wa mgongo. Wanaopanda ndege huambiwa wasubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 wakizama zaidi ya mara moja; abiria wa basi la kupanda Uyole, Mbeya, asijione tofauti. Lala Matema.

Kamba_na_Tochi: Naongezea kuhusu Chuuk yenyewe. Anza na Fujikawa Maru, iliyokaa wima na yenye viunzi vya ndege za kivita ndani ya ngama, yaani tumbo la meli la kuwekea mizigo. San Francisco Maru, yenye vifaru juu ya sitaha, iko kina cha mita 50 hivi, na hiyo si ya mgeni. Ndani ya meli, pezi la mguuni likigusa tope mara moja tu hutaona hata kiganja chako, kwa hiyo anayeingia bila kutandaza kamba ya kumrudisha mlangoni anacheza na roho yake. Kuokota kitu, hata kikombe, ni marufuku.

Mtu_wa_Igawilo: Nashukuruni sana. Kumbe yale maumivu ya bega yaliyonishika Tukuyu Jumapili, ambayo hadi leo hayajaisha, huenda si uzito wa mtungi?

Baharia_Mstaafu: Usizame tena. Nenda hospitali leo hii, na neno la kwanza umwambie daktari kwamba ulizamia ziwani kwa mtungi.