Naomba ushauri: kipimo cha damu cha kideri kwa kuku waliochanjwa

Wakuu, salaam. Niko maabara ya mifugo hapa Morogoro, natafuta kipimo cha damu cha kideri (Newcastle, ugonjwa wa virusi wa kuku) kitakachofaa hata kijijini. Kwa sasa natumia HI, yaani naangalia kama kingamwili za kuku zinazuia kirusi kugandisha chembe nyekundu: seramu (maji ya damu) naizimua nusu kwa nusu, naweka antijeni (kirusi cha kupimia) uniti 4, kisha chembe nyekundu za kuku asilimia 1. Kizuizi kikifika 1/16 nahesabu chanya. Nikiinamisha pleti, chembe za kisima chanya zinachuruzika kama chozi. Hapo sina shida.

Shida ni chanjo. Kuku wengi huku wamedondoshewa jichoni I-2, chanjo hai ya kideri, nayo huamsha kingamwili zilezile. Majibu yanatoka chanya, mwenye kuku ananiuliza, "Kwa hiyo anaumwa?" Nabaki kukuna kichwa. Na aliyeambukizwa jana hana kingamwili bado, anakufa akiwa hasi!

Kupima mara mbili, wiki mbili baadaye? Kideri kikali hakisubiri. Je, nifuatilie IgM (kingamwili za mwanzo), au niachane na damu nichukue usufi wa koo na kloaka (tundu la haja) kwa PCR, kipimo cha vinasaba vya kirusi chenyewe? Halafu, kuna aliyewahi kukausha damu ya mshipa wa bawa kwenye karatasi ya chujio? Zangu za chupa zinafika nyekundu tupu, chembe zimeshapasuka njiani.