MREJESHO: Ule mlio wa tik-tik kwenye injini

Wakuu, ni mimi mwenye gari la 1999 lililokuwa linagonga tik-tik kila asubuhi. Asanteni sana kwa ushauri mlionipa nilipouliza chanzo chake.

Nilianza na aliyesema nipime oili. Stiki ilitoka karibu kavu, aibu yangu. Nikabadilisha oili na filta. Mlio ukapungua, haukuisha. Aliyesema tapeti (vile vinavyosukuma valvu) ndiye aliyepatia: fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, alifungua kava injini ikiwa ya baridi, akakuta valvu mbili za ekzosi (za kutolea moshi) zimelegea, akazirekebisha. Sasa foleni ya Ubungo namsikia hadi konda wa daladala ya pembeni.

Ila ikiwashwa asubuhi bado inagonga kama dakika moja. Fundi anashuku gasketi ya manifodi (inayoziba moshi usivuje pale bomba la ekzosi linapoungana na injini), kuna masizi pale kwenye maungio. Hiyo inasubiri mshahara.

Na wewe wa "ongeza sauti ya redio", nilijaribu pia.