Kwani jaji wetu Nakuru ni nani, Mahakama Kuu ama nesi wa zamu ya usiku?

Habari zenu wadau. Hii itakuwa ndefu na nimeiandika na hasira, kwa hivyo penye herufi zimekosana mtanivumilia.

Wiki mbili nimekuwa nikiona mkikulana huku juu ya kutoa mimba na mahakama, wa kanisa huku, wa haki huku, na nikanyamaza ju mimi nayo sikuwa na neno. Mimi ni Mkatoliki, jumuiya yetu iko hapa Kaptembwo, na ile kura ya maoni ya Katiba mpya ya Agosti 2010 nilipigia nyekundu, yaani hapana, kwa sababu tuliambiwa kifungu cha 26 kimefungulia watu mlango wa kutoa mimba. Naiweka hapa juu mapema ili mtu asije kuniambia nimelipwa na wazungu.

Sasa sikizeni. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimba ya ndoa, ya kutakwa, bwana yake ako Eldoret kwa mjengo na alikuwa ameshaanza kununua vitu za mtoto moja moja akipata kibarua. Jumanne saa tano usiku tumbo likamshika, nikasikia ananiita kutoka choo na ile sauti ya mtu ameogopa, kufika damu. Tukapanda boda, yeye katikati mimi nyuma nimemkumbatia, leso ameikunja mara tatu na bado tulipofika getini ilikuwa imelowa mpaka kiti. Yule kijana wa boda, Mungu ambariki, alipangusa tu na kitambaa chake cha kupangusa kioo akakataa pesa. Akasema mama pelekeni mgonjwa ndani, tutaonana.

Huyo ndiye mtu wa mwisho aliyetuheshimu usiku huo.

Nesi wa zamu ni mama mtu mzima, rika ya mama yangu. Swali la kwanza halikuwa damu imeanza saa ngapi, wala hakushika mashine ya presha. "Umekunywa nini?" Mdogo wangu akamwambia sista sijakunywa kitu. "Nani alikupa? Mnatoa huko kwa vichochoro alafu mnatuletea hapa ionekane sisi ndio tumeua." Watu wote kwa foleni wakageuka. Nikatumwa daftari la kuandikiwa matibabu na glavu, saa sita usiku, maduka yote yamefungwa isipokuwa moja ng'ambo ya barabara ya kuuzia kwa grili. Nikarudi nikamkuta palepale kwa benchi. Na hapo kwa benchi ndipo kulikucha, wadau. Usiku mzima anatetemeka, mimi nikiuliza naambiwa daktari atakuja, nikiuliza tena naambiwa kama una haraka mpeleke kwa aliyemtoa.

Saa kumi na mbili na kitu akaja daktari kijana, akamwekelea skani, akasema mimba imetoka nusu, nusu imebaki ndani, asafishwe sasa hivi. Akasafishwa. Haikuchukua hata nusu saa! Mtu akae macho usiku mzima akimwaga damu kwa kitu ya nusu saa.

Nikadhani yameisha. Saa tatu wakaja askari wawili. Nani aliwapigia simu mimi sijui, lakini walikuja wakijua kitanda. Mkubwa wao akaanza kwa upole, pole madam, alafu akashusha: huyu ni miaka 7 jela, na wewe uliyemsaidia ni 14. Kwa miaka hao watu wako sawa kabisa, hiyo imeandikwa kwa Sheria ya Adhabu kifungu cha 158 na 159, sheria ya mkoloni ya 1930. Nikamwonyesha karatasi ya daktari imeandikwa mimba iliharibika yenyewe. Akasema daktari si korti. Wakaanza na 20,000, nikalia mpaka 8,000. Nikatoa simu nitume M-Pesa akakataa, ati hiyo inaacha jina, akanitembeza mpaka kwa ajenti nitoe keshi na yeye amesimama nje anakula karanga. Ada ya kutoa nikalipa mimi. Hiyo pesa ilikuwa ya gunia la maharagwe, mimi huuza nafaka sokoni, nyinyi fanyeni hesabu nimeuza nini wiki hiyo.

Sasa hapo ndipo mimi mwenye nilipiga kura nyekundu nikaketi nikasoma Katiba, na mjue nimesoma na miwani ya kuazima. Kifungu cha 26(4) hakisemi mlango uko wazi. Kinasema kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au kuna sheria nyingine imeruhusu. Mtaalamu wa afya. Si pasta, si OCS mkubwa wa kituo cha polisi, si watu wa foleni. Na 43(2) kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, na hapo hakujaandikwa kwanza aeleze damu imetoka wapi. Alafu kumbukeni mdogo wangu hakutoa mimba! Yeye hata hakuhitaji hiyo isipokuwa. Mimba iliharibika.

Kwa nini basi nesi wa miaka hiyo yote hajui? Hii ndiyo imenikasirisha kuliko askari. 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaambia wahudumu lini wanaruhusiwa kutoa mimba na mtu akiletwa hivo wafanye nini. Desemba 2013 Wizara hiyohiyo ikauondoa, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku hata mafunzo. Yaani mtu anaambiwa ukikosea ni jela, alafu karatasi ya kumwonyesha asikosee inachukuliwa. Kuna msichana wa huko Kisii alinajisiwa, akatolewa mimba kienyeji, akapelekwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, figo zikaharibika. Kesi ikaenda Mahakama Kuu Nairobi, na tarehe 12 Juni 2019 majaji watano wakasema kuondoa huo mwongozo kulikuwa kinyume cha Katiba, na mama yake akaamuliwa fidia ya milioni 3. Msichana mwenyewe alikuwa ameshakufa 2018. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi nayo ikaamua juu ya msichana wa shule na mhudumu aliyemtibu, walikuwa wamekamatwa wote wawili, ikasema kukamata watu ovyo hivyo si halali.

Na huyo nesi wa usiku pia nimemfikiria, sitaki kudanganya. 2014 kuna nesi wa kiume alihukumiwa kunyongwa kwa sababu mwanamke alimfia baada ya hayo mambo, akakaa ndani mpaka Mahakama ya Rufaa ikamwachilia 2017. Ukisikia hiyo kwa redio na wewe ni nesi, si utaogopa? Utaogopa. Lakini uoga haukutumi umtukane mgonjwa mbele ya foleni, hiyo ni tabia tu.

Wanasiasa ndio sitaki hata kuwaongelea sana. Susan Kihika akiwa seneta wetu hapa alileta mswada wa afya ya uzazi 2019, ukapigiwa kelele makanisani mpaka basi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele, haukuwa sheria. Juni 2022 korti kubwa ya Marekani ikatupa ile hukumu yao ya 1973 iliyokuwa imeruhusu kutoa mimba, watu hapa wakafurahi kama Gor imefunga bao. Ya Marekani mnaijua tarehe na majaji, ya Nairobi ya 2019 hamjaisikia.

Na msinijibu ati hizi ni vitu za watu wachache. Utafiti wa APHRC, wale watafiti wa afya wa Nairobi, na Wizara yenyewe uliotoka 2013 ulikadiria mimba karibu 465,000 zilitolewa Kenya mwaka wa 2012, na wanawake karibu 120,000 wakaishia hospitali na madhara. Sasa weka juu yake wale kama mdogo wangu ambao mimba imeharibika tu na wanapitishwa mlango uleule na macho yaleyale. Kuna mtu anakula hapo. Sheria ikieleweka wazi, yule wa karanga atakula nini?

NAONGEZA: nimeona majibu. Wewe unayesema ati mimi sasa nimegeuka nataka watoto wauawe, rudi juu usome polepole. Bado naenda misa na bado sijabadilika hapo. Na wewe wa upande ule mwingine unayenishangilia ati karibu kwa mapambano, hapana, mimi sijakuja kwenu pia, mlikuwa wapi na vibango vyenu saa sita usiku?

Anayeuliza mdogo wangu ako aje: ako kwangu, anakula kidogo. Jana alienda kliniki nyingine kuangaliwa, nesi akafungua lile daftari, akasoma, akamwangalia, akasoma tena. Kumbe yule wa usiku aliandika ukurasa wa kwanza na kalamu nyekundu, "ametoa", na alama ya kuuliza. Karatasi ya daktari imebandikwa nyuma ambako hakuna mtu hufika. Leo nimemnunulia daftari mpya.

Sasa swali langu, na ndilo limenifanya nifungue huu uzi. Kuna mtu hapa amewahi kupeleka maneno ya askari IPOA, ile mamlaka ya kuchunguza polisi, akiwa hana namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo? Kwa OB hakukuandikwa kitu, risiti sina, na jina la huyo mkubwa sikulisoma kwa sababu alikuwa amevaa sweta juu ya beji. Niko tu na ujumbe wa M-Pesa wa kutoa 8,000, saa nne kasoro dakika kumi, Jumatano. Hiyo inatosha kuanzia ama watanifukuza?